Nimeripoti bomba linavuja, nimejibiwa "kwani huna ndoo?"

Mlango wa Kijani (mwanzisha uzi):

Wakuu, naandika hapa vidole vinatetemeka. Sijala, sijakaa, viatu bado viko miguuni.

Sitaji jina la mwenye nyumba wangu. Mnamjua. Ni yule ambaye siku ya kodi anajua mpaka saa uliyoamka, lakini mwambie kitu kimeharibika, papo hapo mtandao unamgomea. "Sikusikii vizuri, nipo njiani." Mwaka mzima yupo njiani! Angekuwa anatembea kweli, saa hizi ameshaizunguka dunia na kurudi.

Bomba la sinki la jikoni linavuja. Si mafuriko, ni tone. Tone, tone, tone, usiku kucha. Nimelikaza mpaka kiganja kimeota malengelenge. Nikamtumia ujumbe, nikamtumia picha, nikamtumia na video yenye sauti asije akasema nimezua. Tiki mbili za bluu, kimya. Nikamkumbusha kwa heshima zote, "shikamoo baba, samahani kwa usumbufu." Yaani bomba ni lake na samahani naomba mimi!

Leo nimemkuta getini na wapangaji wenzangu, pamoja na yule dada aliyehamia juzi. Nimeamkia vizuri, nikasema baba, lile bomba bado. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, halafu akasema kwa sauti ya kusikika ghorofa ya juu kabisa: "Kwani huna ndoo?"

KWANI HUNA NDOO.

Watu wakacheka. Yule dada akacheka mpaka akashika ukuta. Na yeye akaondoka zake anazungusha funguo kidoleni, amemaliza kazi ya ukarabati kwa siku ya leo.

Mimi nalipa kodi kabla ya tarehe. Bili ya maji naletewa mimi. Halafu mtu mzima, mwenye majengo, mbele za watu, ananiuliza kama nina ndoo!

Siti ya Mbele:

Nimewahi. Endeleeni.

Kaka Mkubwa:

Pole mkuu. Ila hujajibu swali. Ndoo unayo au huna?

Mlango wa Kijani:

Ninayo! Ninazo mbili! Hilo ndilo linaloniuma. Tangu bomba lianze ndoo ziko pale chini, nazimwaga usiku wa manane kama nimeajiriwa. Alivyoniuliza nikakosa la kusema. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Mpaka nimefika ndani ndiyo majibu yamekuja yote kwa pamoja, matamu kabisa, na hakuna wa kumpa.

Fundi Bomba:

Mkuu acha kukaza. Hapo ndani kuna kampira kadogo kanakoitwa washa. Kakishalika, kadiri unavyokaza ndivyo unavyokamaliza, na ukizidi unaharibu na kikalio chake, yaani pale kanapokalia, hapo mpira mpya hausaidii tena. Kazi yenyewe ni kufunga koki kuu, kufungua kichwa cha bomba, kutoa mpira, kuweka mwingine. Hata nusu saa haifiki. Halafu msidharau tone. Tone 1 kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, zaidi ya lita 20. Kwa mwaka unavuka lita 7,000.

Mlango wa Kijani:

Mmesoma? LITA 7,000. Kwenye bili YANGU. Anataka nizikinge kwa ndoo, mwaka mzima, nikiwa nimevaa pajama. Na alivyotamka ile "kwani" sasa! Aliivuta. "Kwaaani huna ndoo?"

Ghorofa ya Tatu:

Hii chai. Hakuna mtu anaongea hivyo.

Bibi Harusi wa Zamani:

Wewe Ghorofa ya Tatu hujawahi kupanga. Wa kwangu nilimwambia kitasa cha chooni kimekufa, mtu akiingia hatoki. Akaniambia, "Piga hodi." Hodi napiga nikiwa ndani au nje? Mgeni wangu alikaa humo mpaka jirani akaja na bisibisi.

Mlango wa Kijani:

Dada pole, ila huyo angalau alikujibu mkiwa wawili. Mimi ni getini, mbele za watu.

Jirani Mwema:

Za vitasa na mabomba afadhali. Mimi soketi ya sebuleni inatoa harufu ya plastiki na ukiishika ina joto. Nimeripoti, naambiwa nitumie ile nyingine.

Fundi Bomba:

Jirani Mwema hiyo usicheze nayo. Soketi ikiwa ya moto mara nyingi waya umelegea ndani au umeichomekea mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Zima kwenye swichi kuu, usichomeke kitu chochote mpaka fundi umeme aifungue. Na hiyo ripoti iandike, usiongee kwa mdomo tu. Tarehe, picha, chumba gani. Nyumba ikiungua ndipo wengine hukumbuka kwamba hawakuambiwa.

Mjengo Wangu:

Naomba na sisi wenye nyumba tusikilizwe. Nimeamshwa usiku mpangaji analia kwenye simu nikadhani kuna msiba. Kumbe balbu. BALBU! Mwingine aliona unyevu kwenye kona ya dari, akakaa kimya kwa sababu ati hakutaka kunisumbua. Maji yakapita kwenye dari yakaozesha mbao, nikaja kufumua nusu ya paa. Mkiripoti vidogo sana ni kosa, msiporipoti ni hasara. Na choo kinachovujisha maji kimyakimya hakuna anayekisema, mpaka bili ije ndiyo tugombane.

Bibi Harusi wa Zamani:

Choo kinapimika bwana. Mwaga rangi kidogo kwenye tangi, usivute maji. Rangi ikitokea kwenye bakuli bila kuvuta, mpira wa tangini umechoka. Mbona mimi nilimpimia wangu, nikampigia picha, akaniuliza nani kanipa ruhusa ya kutia rangi choo chake.

Kaka Mkubwa:

Tusikimbie hoja. Balbu ni ya nani?

Siti ya Mbele:

Ya mpangaji.

Ghorofa ya Tatu:

Balbu ya mpangaji, kishikio cha balbu cha mwenye nyumba.

Jirani Mwema:

Na ikiwa kishikio ndicho kinaua balbu kila mara?

Mjengo Wangu:

Basi unanunua balbu bora.

Jirani Mwema:

Mnaona sasa? MNAONA? Ndiyo wao hawa!

Mlango wa Kijani:

Jamani uzi huu ni wa bomba. Mtu kanidhalilisha. Yule dada wa juzi ameniona leo kwenye ngazi, ameangalia chini, mabega yanamcheza. Naishi na hao watu.

Kaka Mkubwa:

Sasa mkuu si ununue huo mpira ubadilishe, ukate kwenye kodi?

Mlango wa Kijani:

Nikate kwenye kodi bila maandishi, aje aseme nimechezea bomba lake, ale na amana yangu? Simgusii kitu. Atakuja alibadilishe yeye, na aseme samahani, pale pale getini, kwa sauti ile ile.

Siti ya Mbele:

Hapo utasubiri sana.

Bibi Harusi wa Zamani:

Tena hata akikubali, kinachofuata ni fundi. Mafundi ndio ugonjwa wangu mimi. Alikuja mmoja kupima mlango, akasema anarudi kesho na mbao. Mlango alikuwa ameshaung'oa. Nililala na pazia.

Jirani Mwema:

Heri huyo alipima. Wangu aliangalia dari, akatikisa kichwa, akasema "mh", akaomba nusu ya malipo.

Ghorofa ya Tatu:

Fundi akisema "nani alikufungia hii?" jua bei imepanda.

Fundi Bomba:

Aliyeng'oa mlango ni seremala. Msituchanganye.

Randa na Msumeno:

Ehe, tumefikiwa. Fundi Bomba, nani anapasuaga vigae vya watu akitafuta bomba, kisha anaondoka anasema kuziba siyo kazi yake? Na makabati ninayotengeneza nani anayatoboa migongo?

Fundi Bomba:

Nyumba zinajengwa, mabomba yanazikwa ukutani, mchoro hakuna anayetunza. Nikifika nitajuaje limepita wapi bila kupasua? Na kabati lako uliligongomelea juu ya koki kuu. Koki kuu! Nani anafunika koki kuu kwa kabati?

Randa na Msumeno:

Aliyeniagiza alisema haipendezi.

Mjengo Wangu:

Haipendezi kweli.