Wikiendi New Orleans na shosti wangu, tuanzie wapi?

Wadau mambo, mi na shosti wangu tupo Houston, Ijumaa tukitoka job tunawasha gari mpaka New Orleans, kurudi Jumapili, yeye anataka Bourbon Street tu mi nataka muziki wa maana na misosi, nisaidieni kabla hatujagombana

Jibu: Bourbon piteni mpige picha mtoke, kelele na harufu ya bia tu. Usiku nendeni Frenchmen Street, jazi laivu mlango kwa mlango, bebeni noti ndogondogo ndoo ya kutunza ikipita msijifanye mnaangalia simu 😂

Jibu: Café du Monde wapo toka 1862, ulizia beignet, ni kama andazi limefukiwa sukari ya unga. Usivae nyeusi dada na usicheke ukitafuna, mi nilipaliwa nikamwagia bibi wa watu sukari kwenye mkoba

Jibu: Gari liacheni mlikofikia, paking French Quarter (mji mkongwe, Bourbon ipo humo) itawatoa roho, tremu ya St. Charles dola 1.25 tu. Na Jumapili piteni Congo Square, hapo ndo watumwa walikuwa wanakutana Jumapili kupiga ngoma enzi hizo

Muuliza swali: Asanteni, shosti kasoma kanuna, ila andazi kakubali