Nimeposwa na mtu anayenituliza, lakini moyo haudundi. Haya ni mapenzi?

Binti wa Chumbageni:
Habari zenu ndugu zangu. Naombeni ushauri, nyumbani wanasubiri neno langu.

Nina miaka 31, naishi Tanga. Mshenga ameshaleta barua ya posa na wazee wameniuliza kama namtaka huyu kijana. Ni mtu mwema, hilo sina shaka nalo. Kinachonisumbua ni moyo wangu mwenyewe.

Kabla yake nilimpenda mtu aliyekuwa Arusha. Simu ikiita tumbo linakaza, viganja vinalowa jasho, chakula hakipiti. Akinyamaza, nilikuwa narudia meseji zake za zamani kutafuta wapi nimemkosea. Akijitokeza tena na kuniita mpenzi, najiona nimepewa dunia. Nilikonda mpaka mama akanipeleka kupima malaria. Mwisho aliniacha.

Huyu wa sasa akija, mwili wote unalegea. Tunaweza kukaa barazani kimya muda mrefu na nisione haja ya kutafuta la kusema. Nalala vizuri, nakula vizuri. Lakini moyo haudundi vile. Naogopa nisije nikamkubali kwa sababu nimechoka tu, nikamdhulumu mtoto wa watu. Nyinyi mlio kwenye ndoa, mapenzi mnayasikiaje humo ndani?

Mama Pacha:
Pole mdogo wangu. Mimi na mume wangu tumeanza kwa moto, lakini moto ule sio unaonikalisha hapa leo. Ninachosikia sasa ni kwamba akichelewa kurudi, siwezi kulala mpaka nisikie geti. Na nikipata habari njema, kabla sijaimaliza kuisikia nimeshaanza kutafuta simu nimwambie yeye. Wewe habari yako njema unampelekea nani kwanza?

Mpita Njia:
Mimi naona tofauti na Mama Pacha, dada nisamehe. Utulivu upo wa aina mbili. Dada yangu aliolewa na mtu mwema kama huyo wako, wote tukafurahi. Mume akisafiri, dada anapumua. Akirudi, anatafuta kazi jikoni. Hakuwahi kugombana naye, na hakuwahi kumtamani. Mwanamume anajua asipotamaniwa, hata asiposema, na inamuua taratibu. Tafadhali usiolewe kwa huruma.

Mnasihi:
Dada, nafanya kazi ya unasihi na swali lako naliheshimu sana. Mwaka 1999 Donatella Marazziti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, walipima damu za watu 20 waliokuwa wamependa karibuni. Upande wa serotonini, kemikali ya mwili inayohusika na hisia, walifanana na wagonjwa wenye mawazo yanayojirudia bila kukoma. Wachache waliopimwa tena baada ya mwaka mmoja na zaidi walikuwa wamerudi kawaida. Kwa hiyo kule kurudia meseji usiku kucha si kipimo cha ukubwa wa mapenzi. Na kwa mtu ambaye hujui kesho ataamkaje, hofu huongeza mdundo. Moyo hudunda kwa hofu kama unavyodunda kwa furaha, na ukiwa ndani yake ni vigumu kuvitenganisha.

Lakini Mpita Njia naye ana hoja. Utafiti wa mwaka 2012 wa Bianca Acevedo, Arthur Aron na wenzao uliangalia ubongo wa watu 17 waliodumu kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21 na bado wakasema wanapendana sana. Walipoonyeshwa picha za wenzi wao, sehemu za ubongo zinazohusika na hamu na raha ziliamka, kama kwa waliopenda jana. Kilichopungua ni dalili za wasiwasi. Hamu inaweza kudumu bila kihoro. Sasa jiulize: huyu unamtamani?

Binti wa Chumbageni:
Mmenitoa machozi. Mama Pacha, nampelekea yeye. Hata sikuwa nimelitambua hilo.

Mpita Njia, alipokwenda Pemba kikazi sikupumua. Nilipika samaki wa kupaka nikashindwa kula, na aliporudi nilitoka nje kabla hajabisha hodi. Mnasihi, ndiyo, namtamani. Nimeona haya kuandika, lakini ndiyo. Nilikuwa nangoja tumbo linikaze ndipo niamini. Linalonisumbua bado ni kwamba nikisikia mtu katoka Arusha, nashtuka.

Mama Pacha:
Hilo la Arusha usiingie nalo ndani ya nyumba kimyakimya. Mwambie mwenyewe kabla wazee hawajajibu. Na waombe muda, ni haki yako, posa haijibiwi kwa kukimbizana.

Binti wa Chumbageni:
Mama amekubali wasubiri hadi wiki ijayo. Kesho jioni huyu kijana anakuja nyumbani, nitamweleza yote, pamoja na kwamba nilitilia shaka. Akiwa bado anataka baada ya hapo, nitawaambia wazee wapokee.