Naomba msaada: bei ikipanda, mikunjo ya mlaji inahama?

Mchovu_wa_Grafu:
Wakuu, shikamoni. Niko mwaka wa kwanza, nasoma uchumi. Jaribio la juzi nimepata 6 kati ya 20. Swali lilihusu mikunjo ya kuridhika sawa, ile inayounganisha mafungu yote ya bidhaa ambayo mlaji anayaona sawa tu. Mlaji ana shilingi 6,000 kwa wiki. Chapati 500, glasi ya maziwa 1,000. Maziwa yakapanda hadi 1,500. Nikaichora mikunjo upya, maana niliwaza yakiwa ghali mtu atayapenda kidogo. Mwalimu amekata yote na mtihani ni wiki mbili zijazo. Halafu, mkunjo ulioandikwa 20 una raha mara mbili ya ule wa 10?

Kaka_Rula:
Marahaba mdogo wangu. Kosa lako ni moja, ndilo limekula alama zote: mikunjo haijui bei. Nikikuwekea mezani bure chapati 6 na glasi 3, na pembeni chapati 2 na glasi 5, utachagua bila kuuliza dukani wanauzaje. Au utasema zote sawa, basi mafungu hayo yako kwenye mkunjo mmoja. Pesa na bei zina mstari wake, wa bajeti: 6,000 inanunua chapati 12 bila maziwa, au glasi 6 bila chapati. Unganisha nukta hizo mbili kwa rula. Bei ikibadilika, mstari huo ndio unaosogea.

Mama_Chai:
Mwanangu, mimi nauza chai stendi. Maziwa yakipanda, wateja wanahamia chai ya rangi, lakini kila asubuhi wananiuliza, "Mama, maziwa hayajashuka?" Yakishuka wanarudi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kupenda wanapenda vilevile, kilichopungua ni uwezo wa mfuko.

Kaka_Rula:
Mama amelieleza kuliko vitabu vingi.

Mzee_wa_Takwimu:
Kuhusu 20 na 10: hapana. Namba hizo zinapanga nani yuko juu ya nani, hazipimi raha. Mchumi Pareto alishaliona hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1934 wachumi Hicks na Allen wakaijenga nadharia ya mlaji bila kuhitaji kipimo cha raha. Andika 10 na 11, au 10 na 1,000, jibu halibadiliki. Ila usikatishe mikunjo miwili. Ikikatana, fungu la makutano litakuwa sawa na fungu la mkunjo huu na sawa na fungu la mkunjo ule, hata pale ambapo moja lina chapati nyingi zaidi na maziwa mengi zaidi ya jingine. Mtu anayependa zaidi kuliko kidogo hawezi kusema hayo mawili ni sawa.

Mchovu_wa_Grafu:
Asanteni sana, Mama shikamoo. Nimechora tena. Upande wa chapati umebaki 12, upande wa maziwa umerudi kutoka 6 hadi 4. Glasi moja sasa inagharimu chapati 3, zamani 2. Mikunjo sijaigusa, natafuta tu wa juu kabisa unaofikiwa na mstari mpya. Je, kama mlaji hapendi maziwa kabisa?

Kaka_Rula:
Huyo usimtafutie mguso wa katikati, yaani pale mkunjo unapougusa mstari wa bajeti kati ya ncha zake mbili. Anaishia kwenye kona, yaani ncha ya mstari, chapati 12 bila maziwa, na maziwa yapande hata mpaka 5,000 atabaki hapo hapo.