Mjadala: Simu ya mtoto ibanwe muda, au ubanwe mlango wa programu?

Mwalimu wa kompyuta, Kisauni

Likizo ikikaribia swali ni lile lile: mtoto wa miaka 9 hadi 14 aliyeshika simu abanwe vipi? Wazazi wengi hukimbilia muda. Wanaweka dakika 120 kwa siku, basi, kazi imekwisha. Mimi nasema muda ndilo kufuli dhaifu. La kuuliza kwanza ni programu gani imeingia na nani aliiruhusu. Dakika 90 za mchezo wa hesabu na dakika 90 za video zinazojipanga zenyewe bila mwisho haziwekwi mizani moja.

Kwa Android njia ya bure ni Family Link ya Google, programu ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, iliyoko tangu 2017. Akaunti ya mtoto ifunguliwe kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Hapa ndipo wengi huharibu: mtoto ana miaka 10, akaunti yasema amezaliwa 1995 kwa kuwa mtu alitaka kumaliza haraka dukani. Akaunti ya mtu mzima haisimamiwi na mzazi, hata ukijaribu mara kumi. Kwenye simu ya mtoto ingia mipangilio, Google, vidhibiti vya wazazi, kisha mzazi athibitishe kwa akaunti yake. Halafu, kwenye simu ya mzazi, fungua jina la mtoto, Google Play, idhini, uchague maudhui yote. Ukichagua idhini ya vitu vya kulipia peke yake, za bure zitapita bila kukuuliza, na za bure ndizo watoto wanazozitaka.

Mzazi, Majengo

Mwalimu, kwa heshima, umeandika kama kwamba kila mtoto ana simu yake. Kuna nyumba nyingi, kuanzia huku Majengo hadi Likoni, simu ni moja, ya mama. Ndiyo yenye M-Pesa, ndiyo yenye kundi la WhatsApp la darasa ambako kazi ya ziada inatumwa, na ndiyo mtoto anayopewa mama akiingia jikoni. Family Link inasimamia akaunti ya mtoto. Haisimamii mkono wa mtoto kwenye akaunti ya mama.

Kwa simu ya kushiriki zana ni nyingine. Play Store yenyewe ina vidhibiti vya wazazi: bonyeza picha ya akaunti, mipangilio, familia, weka pini, chagua daraja la umri. Ila hilo linaficha programu za daraja la juu tu. Zilizokwisha kuingia hazitoki. Pili, washa uthibitisho kwa kila ununuzi. Tatu, na hili ndilo kubwa, bandika programu, yaani igande kwenye skrini mtoto asitoke kwenda nyingine: mipangilio, usalama, kubandika programu, na hapo hapo uwashe kuulizwa pini kabla ya kubandua. Unafungua programu ya masomo, unaibandika, unampa. Wasioiwasha hiyo pini wanashangaa mtoto ametokaje. Ametoka kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja, maelezo yameandikwa pale pale kwenye skrini.

Kasoro ni pini yenyewe. Mtoto aiona mara ishirini kwa siku mama akifungua simu. Wallahi ikiwa ni ile ile ya M-Pesa, mjadala wa programu tuuwache kwanza.

Fundi wa simu, Mwembe Tayari

Niko na Mwalimu kwamba mlango ni muhimu kuliko saa, lakini mlango una nyufa, na watoto wanazijua kuliko sisi.

Ufa wa kwanza ni idhini kutoulizwa mara ya pili. Programu uliyoiruhusu mwaka jana ukaifuta, mtoto akiirudisha Play Store haikuulizi tena. Vivyo hivyo programu ikijisasisha. Kuifuta hakutoshi, ingia kwenye orodha ya programu ndani ya Family Link uizuie kwa jina.

Ufa wa pili ni faili za APK, yaani programu ya Android iliyofungwa kama faili. Zinapita kwa Xender, kwa Bluetooth, hata kwa WhatsApp, na Play Store haina habari. Kwenye Family Link kuna kipengele cha programu kutoka vyanzo visivyojulikana: kibaki kimezimwa. Simu za Tecno, Infinix na itel zina jambo jingine, duka la pili liitwalo Palm Store, limekuja na simu. Idhini ya Google inahusu Play Store. Mzazi anafunga mlango wa mbele na wa uani uko wazi. Liangalieni hilo kabla ya chochote.

Ufa wa tatu ni kivinjari. Umezuia TikTok, mtoto anaifungua ndani ya Chrome. Zuia tovuti kwa jina lake, si programu peke yake. Na ukitaka kuchuja tovuti chafu bila kununua kitu, kwenye Android 9 na kuendelea nenda mipangilio ya mtandao, DNS ya faragha, uandike family.cloudflare-dns.com. Hufanya kazi kwa bando na kwa wifi ya jirani. Haizuii TikTok wala YouTube, msiitegemee kwa hilo.

Kisha kuna mtumiaji wa pili. Simu nyingi za Android zaruhusu kuongeza mgeni, na mgeni hana Family Link. Ruhusa ya kuongeza watumiaji izimwe humo humo kwenye Family Link.

iPhone kwa ufupi: ndani ya Screen Time, upande wa vikwazo vya maudhui na faragha, ukizima kusakinisha programu, ikoni ya App Store yenyewe hupotea. Nambari ya siri ya hapo ina tarakimu nne. Usiweke mwaka aliozaliwa mtoto.

Ustadh wa chuo, Mji wa Kale

Fundi na Mwalimu, nyote mlango, mlango. Mimi nashika muda, tena muda mmoja tu: usiku. Mtoto wa hapa yuko shule asubuhi, alasiri yuko chuoni, yaani madrasa, simu anaishika baada ya isha. Madaktari wa usingizi wanataka saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Hesabuni. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri, ukirudi nyuma saa tisa, unafika saa mbili usiku. Saa mbili awe amelala, si kwamba ndiyo kwanza anatafuta chaja. Kwa hiyo kufuli la usiku liwe saa moja na nusu, hata kama simu haina programu mbaya hata moja.

Na hapo kuna kosa la Kiswahili chetu. Mzazi anasema saa mbili, anaandika 2:00. Simu inajifunga saa nane usiku, mtoto kashashiba. Iandikwe 8:00 PM, au 20:00.

Mwalimu wa kompyuta, Kisauni

Ustadh, la usiku nimekubali, na la 2:00 nimeliona kwa macho kwenye simu za wazazi. Lakini kipimo cha mchana bado nakikataa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa kikomo cha saa moja kwa watoto wa miaka 2 hadi 4. Kwa wa miaka 5 hadi 17 lilisema, mwaka 2020, wapunguze kukaa mbele ya skrini, halikutaja idadi. Hizo dakika 120 hazikutoka kwa shirika hilo.

Tena kikomo cha siku kwenye Family Link kinahesabiwa kwa kila kifaa. Mtoto mwenye simu na tableti amepewa mara mbili, bila mtu kujua. Na amri mpya haifiki kwenye simu isiyo na bando. Unaifunga ukiwa kazini Changamwe, simu iko Bamburi haina data, amri inasubiri.

Mzazi, Majengo

Haya. Wengine wanataka serikali ifunge, kama Australia ilivyofanya Desemba 2025 kwa mitandao ya kijamii, chini ya miaka 16. Hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Na WhatsApp na TikTok zenyewe zataka miaka 13. Nani anayedanganya tarehe? Ni sisi. Tuanzie hapo.

Ila Fundi, usikwepe. Kufuli zote hizi zinatoka mezani kwenu. Mtoto anakuja na simu, "nimesahau pini", inaflashiwa, yaani inafutwa yote na kuanzishwa upya, anaondoka huru.

Fundi wa simu, Mwembe Tayari

Kweli tupu. Simu ikifutwa kwa vitufe, ikiwaka inauliza akaunti iliyokuwamo. Hapo ndipo mtoto anakwama, na hapo ndipo anatuletea. Fundi wa haki akiletewa simu na mtoto aliyevaa sare, anampigia mzazi kwanza. Mazungumzo ya dakika moja.

Ustadh wa chuo, Mji wa Kale

Na fundi wa duka la pili?

Fundi wa simu, Mwembe Tayari

Wa pili ataflashi, Ustadh, sitakudanganya. Lakini mzazi atajua. Fungua ripoti ya Family Link jioni. Ukiona leo dakika sifuri, jana sifuri, na WhatsApp yasema mtoto yuko hewani, simu unayoisimamia haiko tena. Ichukue, uanze upya na tarehe ya kuzaliwa.