Naomba ushauri: kuinua Prado 95 na kuchagua shokapu

Wakuu, habari za kazi. Nina Prado 95 ya dizeli, injini ya 1KZ. Naishi Arusha na mara nyingi nashuka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, Ziwa Natron. Wanaoijua ile njia wanaelewa: mawe, mchanga, makorongo, na vile vimawimbi vinavyotikisa hadi dashibodi. Shokapu za nyuma zinavuja na gari likibeba hema, maji na familia, linakalia matako.

Nataka kuinua inchi 2 tu. Zaidi ya hapo naogopa CV za mbele (viungio vya ekseli vinavyozungusha matairi) zitakaa kwa pembe kali na raba zake kupasuka mapema. Fundi ananishauri niweke spesa (vipande vya kuongeza kimo) juu ya springi zilizopo, eti ni rahisi. Mimi sijashawishika, maana springi iliyochoka inabaki imechoka.

Je, nichukue seti nzima ya chapa ya Old Man Emu (springi na shokapu pamoja), au springi ngumu zaidi za nyuma na shokapu za chapa ya KYB zinatosha? Nyuma nichague springi za mzigo wa kilo ngapi, ikizingatiwa katikati ya wiki natembea mtupu? Na baada ya kuinua, alaimenti (kunyoosha matairi) ya kawaida ilitosha kwenu?