Naomba ushauri: tanuru la kuyeyushia alumini ambalo sitalazimika kulibomoa lote kila sehemu moja inapoharibika

MsubiMoro

Habari zenu, ndugu wajuzi wa moto na vyuma. Nina karakana ndogo hapa Morogoro ambako tunayeyusha alumini chakavu, hasa vichwa vya injini na rimu za magari, kisha tunasubu puli na vipuri vya mashine za kukoboa mpunga.

Tanuru letu la kwanza lilijengwa kwa namna ambayo wengi wetu tunaijua: pipa la chuma, ndani yake zege la moto, yaani linalostahimili joto kali, lililomiminwa kwa mkupuo mmoja kuanzia sakafuni hadi mdomoni, mfuniko wa duara moja, na bomba la moto la oili chafu likiwa limezikwa ndani ya zege hilohilo. Lilitutumikia vizuri kwa miezi 14. Kisha jioni moja chungu chenye kilo 60 za alumini kilipasuka kikiwa ndani. Alumini ilijaa sakafuni, ikapanda hadi mdomo wa bomba la moto na kugandia hapo. Tulitumia siku nne kuibandua kwa tindo na mtaimbo. Kilichoniumiza ni kwamba ukuta wa juu ulikuwa mzima na bomba lenyewe lilikuwa zima, lakini sikuweza kulichomoa bila kuvunja ukuta, wala sikuweza kuifikia sakafu bila kuvunja vyote viwili. Nilipoteza tanuru zima kwa ajili ya sakafu.

Sasa najenga jipya la ukubwa uleule, kipenyo cha ndani sentimita 55 na kina cha sentimita 70. Ninaomba kujua namna ya kulipanga tangu mwanzo ili kila kinachochakaa kiweze kutolewa na kurudishwa peke yake. Je, niligawe kwa pete? Mfuniko niufanyeje, maana wa kwanza ulipasuka mara tatu? Na bolti zinazokaa karibu na moto, mnazifungaje zikakubali kufunguka mwakani?

Mjenzi wa Matanuru

Pole sana, mkuu. Kabla ya kuchora chochote, chukua karatasi uandike kila sehemu ya tanuru na muda unaotarajia idumu. Chungu huhesabiwa kwa idadi ya miyeyusho. Mfuniko na eneo linalopigwa na ndimi za moto huhesabiwa kwa miezi. Ukuta wa juu huhesabiwa kwa miaka, na ganda la chuma linaweza kukuzidi umri wa kazi yako. Kosa la tanuru lako la kwanza ni kwamba kinachokufa mapema kilifungiwa nyuma ya kinachodumu. Panga kinyume chake: kinachokufa mapema kiwe cha kwanza kufikiwa na mkono.

Ndiyo, ligawe kwa pete. Ningefanya tatu: ya chini yenye sakafu, ya katikati yenye tundu la bomba la moto, na ya juu. Kila pete iwe na ganda lake lenye flanji, yaani ukingo wa chuma wa kuunganishia, na zege lake lisishikane na la pete jirani. Katikati yake laza ukanda wa blanketi la nyuzi za kauri utakaobanwa na uzito. Lakini piga hesabu ya uzito mapema. Pete yenye urefu wa sentimita 30, ikiwa na zege zito la unene wa sentimita 10 kuzunguka kipenyo chako, inazidi kilo 120 bila kuhesabu chuma. Kwa hiyo chomelea masikio matatu ya kunyanyulia kwenye kila pete na uhakikishe boriti ya winchi ya mnyororo iko juu yake. Nimeona tanuru lililogawanywa vizuri sana ambalo halikuwahi kufunguliwa hata mara moja, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kufunga winchi.

Sakafu ndiyo ningeitumia akili nyingi zaidi. Chini kabisa weka matofali mepesi ya kuzuia joto, juu yake matofali mazito ya moto yaliyopangwa makavu bila udongo wa viungo, yakiinama kuelekea tundu la kumwagia lenye upana usiopungua sentimita 5, lililo chini ya usawa wa bomba la moto. Tundu hilo lizibwe kwa kizibo chembamba ambacho alumini iliyomwagika itakitoboa yenyewe na kuangukia kwenye shimo la mchanga mkavu. Nasisitiza neno mkavu. Alumini iliyoyeyuka ikikuta maji yamefungiwa chini yake, maji hugeuka mvuke ghafla na kuirusha juu, na watu wamepoteza macho na uhai kwa njia hiyo. Kama ungekuwa na tundu hilo jioni ile, ungebadilisha chungu na matofali machache tu.

Jambo la mwisho kuhusu sakafu ni vipimo. Tofali la moto la kawaida ni milimita 230 kwa 114, kwa unene wa 64 au 76. Panga kina na upana wa sakafu yako viingie kwenye vipimo hivyo bila kukata, ili kesho kutwa kijana wako aweze kuweka tofali jipya bila kuhitaji msumeno wa mawe.

Bi Mfinyanzi

Mwanangu MsubiMoro, mimi ni mfinyanzi, tanuru langu ni la umeme na la vyungu vya udongo, lakini shida yetu ni moja. Matofali ya sakafu unaweza kujifinyangia mwenyewe kwa kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu, ukiichanganya na vigae vya matofali ya moto yaliyovunjika na kusagwa kama chenga za mahindi. Chenga hizo zimekwisha kuungua, kwa hiyo hazisinyai tena, na ndizo zinazozuia tofali kupasuka linapokauka na linapopashwa haraka. Usiache kuyachoma vizuri kabla ya kuyatumia.

Ninalotaka hasa kusema ni la mapafu. Hayo blanketi yanayotajwa hapa, yakikaa muda mrefu kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 na zaidi, nyuzi zake hubadilika na kutengeneza chembechembe za silika ya aina ya kristobaliti. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka silika ya namna hiyo, inapovutwa kazini, kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa mwaka 1997. Blanketi jipya linawasha ngozi. Blanketi kuukuu ndilo la kuogopwa zaidi. Kwa hiyo liweke nyuma ya zege au tofali, lisiwe uso wa moto. Siku ya kulitoa lilowanishe kwanza, vaa barakoa halisi ya vumbi laini, na usiwaruhusu vijana wafagie makavu. Ukipata yale ya nyuzi zinazoyeyuka mwilini, yanunue hayo, kwa kuwa kwa joto la alumini yanatosha.

MsubiMoro

Nashukuru sana, mama, na wewe Mjenzi. Suala la blanketi kuukuu sikulijua kabisa, na nakiri kwamba tulibomoa lile la zamani kwa mikono mitupu. Naomba sasa tuzungumzie mfuniko na bomba la moto.

FundiMitambo_Tanga

Mkuu, mfuniko hupasuka kwa sababu uso wake wa chini uko kwenye nyuzi zaidi ya 1,000 na wa juu uko kwenye hewa ya karakana, na kila unapoufungua unapigwa na ubaridi wa ghafla. Huwezi kuzuia usipasuke, lakini unaweza kuchagua upasukie wapi. Usubu vipande vinne vya robo duara, kila kimoja kikiwa na nanga zake, yaani vishikizo vinavyozama ndani ya zege, za chuma kisichoshika kutu, zilizofungwa kwa nati juu ya pleti, upande wa baridi. Kingo za vipande ziwe na ngazi, yaani kimoja kilalie kingine, ili moto usipate njia iliyonyooka. Ukisubu vipande, subu vitano. Cha tano kikaushwe na kukaa kwenye rafu.

Nanga zipakwe lami au nta nene kabla ya kumimina zege. Chuma hutanuka kuliko zege. Lami ikiungua inaacha nafasi ndogo ambayo nanga itatanukia, badala ya kulipasua zege kutoka ndani. Na zege jipya lisiharakishwe: baada ya kumimina, liache saa 24 likiwa limefunikwa, kisha lipashwe polepole, si zaidi ya nyuzi 30 kwa saa, ukitulia kwenye nyuzi 110 hadi mvuke uishe. Toboa vitundu vya milimita 6 kwenye ganda ili mvuke upate pa kutokea.

Bomba la moto lisiguse zege kabisa. Subu tofali lenye tundu, nje likiwa na umbo la koni kama kizibo cha chupa, liingie kutokea nje na kubanwa na pleti. Bomba lenyewe libaki nyuma ya pleti hiyo. Mdomo ukiliwa, unalegeza pleti, unavuta tofali, unaingiza jingine. Mstari wake uelekee pembeni ili moto uzunguke chungu, usikipige tumboni.

Kuhusu bolti, jibu langu ni kuzipunguza. Kwenye flanji za pete tumia pini zenye mpasuo na kabari ya chuma: kabari inagongwa kuingia na inagongwa kutoka, na kutu haiishindi nyundo. Pale ambapo bolti ni lazima, tundu liwe refu kidogo ili pleti itanuke, nyuzi za bolti zipakwe grisi yenye unga wa grafaiti, na uangalie kama diski ya grenda inafika kwenye kichwa chake. Bolti nitakayoweza kuikata kwa dakika moja hainisumbui.

Kiwanda Kidogo_Nairobi

Ndugu, naheshimu yote yaliyosemwa, ila napenda kutoa tahadhari. Kila kiungo ni mlango wa moto. Nilikuwa na tanuru la pete nne, na baada ya mwaka mmoja ndimi zilikuwa zinatoka kwenye flanji mbili, ganda limekunjamana, na pete hazikukaa tena sawasawa. Mafuta niliyookoa kwa matengenezo rahisi niliyapoteza kupitia viungo. Kwa kina cha sentimita 70, naona pete mbili zinatosha: ya chini yenye sakafu pamoja na mdomo wa moto, ambayo ndiyo inayoumia, na ya juu ambayo haiumii sana. Hakikisha pia kiungo hakiko kwenye usawa wa bomba la moto.

Mjenzi wa Matanuru

Hilo nalikubali, na narekebisha ushauri wangu: kwa kina hicho, pete mbili. Tatu nilizizoea kwenye matanuru marefu zaidi. Ila sakafu ibaki kavu na ya kutolewa, na hilo tofali la koni alilolieleza Fundi wa Tanga lifikike bila kunyanyua pete yoyote.

MsubiMoro

Basi nimeamua pete mbili, ya chini sentimita 40 na ya juu 30, ili kiungo kikae juu kabisa ya bomba la moto. Tundu la kumwagia nitalielekeza nyuma, mbali na mahali anaposimama mwenye koleo, na shimo la mchanga litakuwa chini ya paa. Leo asubuhi nimeanza kuchonga kalibu ya mbao ya robo ya mfuniko kwa mninga, nikiacha ngazi ya sentimita 3 kwenye kingo. Fundi wa Tanga, ngazi hiyo inatosha, au niiongeze?

FundiMitambo_Tanga

Inatosha kwa upana, lakini iwe na unene wa nusu ya mfuniko. Na kona za ndani za ngazi zikunje kwa mviringo. Kona kali ndipo ufa unapoanzia. Kalibu ipake mafuta ya taa yaliyochanganywa na nta kabla ya kumimina, ukimaliza usiitupe, iandike tarehe na uitundike ukutani.