Chama chetu cha picha na korona: Zoom, WhatsApp au bahasha?

KatibuTudor (16 Agosti 2020)
Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Tangu Machi hatujakaa pamoja. Zamani kila Jumamosi ya pili ya mwezi tulikutana ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, alfajiri, watu ishirini na ushei, tukamaliza kwa mahamri na mbaazi. Kaunti imefunguliwa tangu tarehe 7 Julai, lakini kafyu ingalipo, saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, na wazee wetu watatu wana sukari. Hao siwaiti popote. Tumejaribu Zoom, tumejaribu kundi la WhatsApp, na baadhi yenu mumetoka wanne wanne. Tushike ipi? Mimi naona Zoom, kwa sababu angalau twasikizana sauti.

LenziLikoni
Katibu, Zoom ya bure ni dakika 40. Mara ya mwisho tulikuwa watu 14, kila mmoja na picha yake, kwa hivyo hata dakika tatu mtu hakupata, na hapo hatujahesabu wakati wa kuulizana "wanisikia?" Mimi natazama kwa simu. Picha ya mashua za wavuvi niliiona giza tupu, mwenyewe akasifiwa kwa vivuli ambavyo kwangu havikuwepo. Na bando ni langu, kazi ya hotelini imesimama tangu Aprili. WhatsApp yatosha: unaingia ukiwa na nafasi, unatoka.

MzeeKizingo
Mwanangu, bei yake ni nafuu, hilo nakubali. Lakini hebu fungua lile kundi utazame. Picha thelathini kwa siku, katikati video za kujifukiza mwarobaini, na chini ya kila picha "mashallah" na dole gumba. Miezi mitano hakuna aliyeniambia kwamba upeo wa bahari kwenye picha yangu umelala upande. Zamani mlikuwa mkiniambia usoni, na ndiyo sababu nilikuwa naja. Halafu WhatsApp yaibana picha. Anayetaka ionekane sawasawa aitume kama dokumenti.

Jambo jingine, na hili nawasihi. Kamera zimelala kabatini tangu Machi, na mwajua unyevu wa hapa kwetu. Juzi nilimulika lenzi yangu ya milimita 50 kwa tochi nikakuta nyuzi nyeupe ndani kama utando wa buibui. Ni ukungu, umeshaingia. Itoeni kamera kwenye mfuko wa ngozi, ngozi hushika maji. Iwekeni kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mchele msitie, una vumbi. Na itumieni: lenzi inayotoka nje mara kwa mara haipati ukungu upesi.

Kisauni_Mwanagenzi
Mimi nilikuwa kwenye matembezi ya wanne, Marikiti. Barakoa tulivaa, nafasi tuliachiana. Shida ilikuwa kwingine. Mama mmoja muuza ndizi alipoona kamera aliivuta barakoa haraka kutoka kidevuni, mkono ukimtetemeka. Alidhani twakusanya ushahidi, na faini yake yafika shilingi 20,000. Niliishusha kamera, nikamwomba radhi. Picha sikupiga. Matembezi yaendelee, ila tusiende sokoni na kamera kubwa wakati huu.

BintiKibokoni
Nisameheni nikirefusha. Mji wa Kale ulipofungwa tarehe 6 Mei, mimi nilikuwa ndani na Idi ikanikuta ndani. Siku ya tatu ya Idi nilikuwa nimeshapiga kila kitu cha nyumbani hadi birika. Nikakumbuka somo la mzee wetu wa Kizingo kuhusu kamera ya tundu. Nikaziba dirisha la chumba cha mbele kwa kadibodi na blanketi, nikatoboa tundu la upana wa ncha ya kidole. Nikangoja jua liupige ukuta wa nyumba ya pili.

Macho yalipozoea giza, barabara yetu ilikuwa ukutani juu ya kitanda, kichwa chini. Roshani ya jirani ilining'inia kama taa, na kanzu za Idi zilizoanikwa zikawa zapepea kuelekea dari. Paka alipita akitembea juu ya anga. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra, alikuwa ameshaeleza karne ya 11 jinsi mwanga unavyopita tunduni. Mimi nilikuwa nimesoma tu, sijaona. Niliweka kamera juu ya rundo la vitabu, sekunde 30, nikapata picha moja.

Niliituma kundini: dole gumba kumi na moja. Niliichapisha nikampelekea bibi yangu, akakaa nayo adhuhuri nzima akiigeuza juu chini, akaniuliza mbona anga haina kingo. Ni kweli, nilikata vibaya.

Kwa hivyo rai yangu ni bahasha. Kila mtu achapishe picha moja, ya shilingi thelathini arubaini. Bahasha izunguke nyumba kwa nyumba, na nyuma ya kila picha mtu aandike mstari mmoja wa kweli. Ikifika kwa wazee ilale siku tatu kabla ya kufunguliwa. WhatsApp ibaki ya kupashana habari.

LenziLikoni
Dada, na ng'ambo huku? Feri sitaivuka kwa bahasha.

BintiKibokoni
Ndugu yangu yuwaja kazini huko kila Jumatatu, atakuletea.

MzeeKizingo
Mimi natia ile ya bahari iliyolala. Mniandikie.

KatibuTudor
Nimeiacha Zoom. Sanduku la chama lina elfu mbili na mia tatu. Asiye na pesa ya kuchapisha anipigie faraghani, hatatajwa. Bahasha itatoka kwangu Jumamosi: Tudor, Kibokoni, Kizingo, Likoni, kisha Kisauni. Dada, tia ile ya kanzu, na usiikate upya.